Mbwa Aliyeitika Mluzi

Muhula huu mhadhiri wetu wa Saikolojia ya Elimu alipofika kwa Pavlov na mbwa wake, darasa lilicheka kama kawaida. Kengele, chakula, mate yanatoka, nani hajui. Halafu akataka kila mmoja atoe mfano wa jambo alilojifunza kwa mtindo huo. Jamaa mmoja akataja mlio wa meseji ya benki siku bumu linapoingia, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Zamu yangu ilipofika nikasema sina mfano. Nilikuwa nao. Nauandika hapa kwa sababu pale ukumbini nisingeumaliza.

Likizo ndefu iliyopita, baada ya BTP, nilikwenda nyumbani, kijiji kimoja cha wilaya ya Bahi, Dodoma. Waliowahi kupita barabara ya Dodoma kwenda Singida wameiona nchi yetu kupitia dirisha la basi: vumbi, mibuyu, migunga, na minyaa iliyopandwa kuzunguka maboma. Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu. Ikifika mwezi wa nane nyasi zimekwisha, korongo limebaki mchanga mtupu, na upepo unavuma kutoka kusini mashariki kutwa nzima. Maji watu wanayapata kwa kuchimba mashimo kwenye mchanga wa korongo, na anayekunywa hapo si binadamu peke yake.

Nilikuta mbuzi tisa wa mjomba wamekufa katika wiki tatu. Niseme wazi kilichokuwa kinaniuma: mkopo wangu wa bodi haufiki asilimia mia, na kinachopungua kinalipwa na mbuzi wale. Kila muhula mjomba anapeleka wawili watatu mnadani, mimi napata namba ya malipo. Kwa hiyo mbuzi tisa kwangu haikuwa habari ya mifugo tu.

Majirani wote walisema ni fisi. Mjomba akakataa. Fisi, alisema, anakuja usiku, anachukua mbuzi, anamla mpaka mifupa. Kesho yake unakuta doa la damu na pengine kwato. Hawa walikuwa wameuawa mchana, machungani, na wengi hawakuliwa. Walichanwa miguu ya nyuma na masikio, wakaachwa, wengine wakihema bado. Nyayo pia zilisema vingine. Wayo wa mbele wa fisi ni mkubwa kuliko wa nyuma, unaona wazi. Hizi zililingana, ndogo, kucha mbele. "Hawa ni mbwa," mjomba alisema. "Na si mbwa mwitu. Ni mbwa wetu."

Alimaanisha mbwa wa kufugwa waliobaki porini. Miaka ya nyuma palikuwa na kambi ya wajenzi wa barabara. Kazi ilipokwisha watu waliondoka, mbwa wakabaki. Baadaye ukaja ukame, familia kadhaa za wafugaji zikahama na ng'ombe wao, na si kila mbwa alifuata. Mbwa mwitu wa kweli ni mnyama mwingine kabisa, mwenye masikio ya duara na mabaka, na kisheria hauruhusiwi kumgusa. Hawa hawakuwa na jina hata la kuwaita. Mtaani tungesema mbwa koko, lakini mbwa koko anakaa jalalani na anakuogopa.

Kijiji kilikaa kikao. Vijana walitaka nyama yenye sumu. Mjomba alisimama akapinga, na si mtu wa kusimama kwenye vikao: sumu haichagui, mbwa wetu wa machungani watakula, tai watakula, na mtoto je? Vijana wakajaribu pikipiki. Siku mbili wakamaliza mafuta bure, maana mbwa wale waliusikia mlio kabla vumbi halijaonekana. Bunduki hatuna. Kikabaki kile ambacho wazee walikuwa wanakijua: miguu, uta, na subira. Mwenyekiti alikubali, afisa mifugo akaarifiwa, akatuonya tu tusiguse mate wala kinywa cha mbwa yeyote, kwa ajili ya kichaa.

Siku ya kwanza tulitoka saa kumi na moja alfajiri, mjomba na mimi. Nilibeba maji, rungu, na kiburi cha mtu aliyechunga mbuzi utotoni. Kilikwisha kabla ya saa tatu. Mjomba alikuwa anasoma ardhi, mimi naona vumbi. Alinifundisha kukaa upande ambao wayo uko kati yangu na jua. Jua likiwa chini, ukingo wa wayo unatupa kivuli na alama inainuka kama maandishi. Jua likipanda, ukurasa unafutika. Alinionyesha wayo wa jana, kingo zimelegea kwa upepo na mdudu amepita juu yake, na wa asubuhi ile, kingo kali kama zimekatwa kwa kisu. Kiunoni alikuwa na kitambaa cha jivu. Kila baada ya hatua kadhaa alikitikisa na kuangalia jivu linakoelekea.

Ilikuwa safi mpaka tulipoingia korongoni. Mle ndani upepo unazunguka, hauna adabu. Jivu likaja usoni mwetu, halafu likageuka likaenda mbele. Mjomba akaketi palepale juu ya mchanga. "Wameshajua," alisema. Tukasogea hata hivyo, tukakuta chini ya mbuyu mashimo matano ya kulalia, mchanga wake bado una ubaridi wa chini, wenyewe wameondoka. Tukarudi nyumbani saa kumi jioni, miguu imejaa miiba. Njia nzima hakunilaumu kwa lolote, ingawa nilikuwa nimekohoa mara mbili.

Siku ya pili hatukupita korongoni. Tulizunguka mbali, kama saa mbili za kutembea, ili tuujie mbuyu ule kutoka upande upepo unakokwenda. Kwenye joto la mchana mbwa hulala kivulini kama mtu yeyote mwenye akili. Hatua za mwisho tulitambaa. Mikono, magoti, simama, sikiliza. Simu niliizima tangu nyumbani, na bado nilikuwa naihisi mfukoni inataka kulia.

Tuliwaona watano. Wanne wamejikunja, mmoja mwekundu amelala ubavu. Tulikuwa mbali nao hatua kama arobaini, na mbele yetu uwanja mweupe, hakuna hata kichaka. Mjomba hapigi mshale zaidi ya hatua ishirini na tano. Anasema zaidi ya hapo ni kujeruhi, si kuwinda. Tukalala pale sijui dakika ngapi. Ndipo nikaona kitu: masikio ya yule mwekundu yalikuwa yamekatwa ncha, sawasawa, pande zote mbili. Mbwa wa porini hajikati masikio. Mtu alimshika akiwa mdogo, akamkata, kama wafugaji wanavyofanya kwa mbwa wa mifugo. Huyu aliwahi kulinda mbuzi.

Mjomba naye alikuwa ameona. Akanigeukia, akakunja midomo bila sauti.

Nilielewa. Kuna mluzi wachungaji wa kwetu wote wanaujua, chini, juu, halafu chini mrefu. Maana yake tunaondoka, njoo. Niliupiga utotoni kila jioni kwa miaka. Mjomba meno ya mbele hana, hawezi tena.

Nikaupiga.

Wanne waliruka, wakapotea kwa sekunde. Yule mwekundu aliinuka, akasimama. Vipande vyake vya masikio vikasimama pia. Akatazama upande wetu, halafu mkia ukaanza kwenda, chini chini, kama anayeona aibu. Akaja. Hatua moja, ananusa, hatua nyingine. Nikapiga tena, sikuambiwa. Hiyo mara ya pili ndiyo ninayoifikiria zaidi, maana ya kwanza naweza kusema niliagizwa. Alipofika pale mjomba anapopenda, uta ukalia.

Hakufa hapo. Alikimbia, tukafuata damu karibu nusu saa, kwa sababu mjomba alisema huwezi kumwacha ulichokiumiza kikatafute kifo peke yake. Tulimkuta chini ya mgunga. Mjomba akamaliza kwa rungu, pigo moja. Shingoni, ndani ya manyoya, kulikuwa na alama ya upara, duara, ya kamba iliyowahi kuvaliwa muda mrefu. Tulichimba shimo refu, tukaweka mawe juu. Mjomba akanawa mikono kwa mchanga, kisha kwa maji yote yaliyobaki.

"Mjomba," akaniambia (kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo wote wawili), "leo umesaidia." Sikuwa na jibu. Njiani nilikuwa nahesabu: mbuzi kumi na wanne waliobaki, ada ya muhula, kodi ya chumba. Hesabu ilikuwa inakubali. Wakati uleule nilikuwa naona ule mkia.

Ndiyo maana nilinyamaza ukumbini. Najua wenzangu wa kozi watasema mluzi ni mambo ya Skinner, si ya Pavlov. Sawa, tubishane kantini. Kilichonishika ni sehemu nyingine ya mhadhara, ile ambayo watu walikuwa wameshafunga madaftari. Pavlov aligundua kwamba ukipiga kengele mara nyingi bila kuleta chakula, mate hupungua mpaka yanakauka. Unadhani mbwa amesahau. Halafu unampumzisha, unarudi siku nyingine, unapiga kengele, na mate yanatoka tena. Sijui yule mwekundu alikaa miaka mingapi porini bila kuusikia mluzi ule. Ameua mbuzi wetu, hilo lina ushahidi. Lakini alipoitwa arudi kazini, alirudi.

Wiki iliyopita mjomba alinipigia simu. Wale wanne hawajaonekana upande wetu. Mbuzi watatu wamezaa, mmoja mapacha, na muhula ujao nisiwe na wasiwasi. Halafu akasema binamu yangu mdogo amepewa mtoto wa mbwa, anamfundisha kufuata mbuzi, subiri usikie. Akaiweka simu kwenye spika na kuisogeza uani. Kulikuwa na upepo, sauti ya mtoto ikicheka, na mluzi: chini, juu, halafu chini mrefu.