Mguu wa Nne

Kaseti ilifika ndani ya boksi la karatasi, imewekwa katikati ya kanzu mbili zilizokunjwa na kofia ya kiua iliyokwishafifia. Ilikuwa ya rangi ya dhahabu. Shemeji mtu, aliyeituma kutoka Toronto, hakuandika maelezo mengi: vitu hivi ni vya marehemu, na mwenye kustahiki kuwa navyo ni mdogo wake.

Mdogo mtu, dereva wa basi katika mji mmoja wa Uingereza, aliitambua mara moja. Ilikuwa The Legend of Zelda, mchezo ulioanza kuuzwa Amerika ya Kaskazini mwaka 1987. Ndani ya kaseti hiyo mna betri ya duara, kiasi cha sarafu, inayolisha kumbukumbu ndogo hata pale mashine inapokuwa imezimwa. Mchezaji huandika jina lisilozidi herufi nane, na safari yake ikahifadhiwa chini ya jina hilo. Kaka mtu alikuwa na ada ya kusema katika simu za Idi, nusu mzaha, kwamba mchezo ule hajaumaliza. Kwa hiyo lilikuwapo jambo la kutazama. Ikiwa betri ile, yenye umri wa zaidi ya miaka 30, ilikuwa bado na uhai, basi mlikuwa bado na kitu humo kilichoandikwa kwa mkono wa marehemu.

Mashine alikuwa nayo, Nintendo ya kijivu aliyoinunua mitumba. Akachomeka kaseti, akawasha. Taa nyekundu ikapepesa, kiasi cha mara moja kila sekunde, na kioo cha televisheni kikapepesa pamoja nayo.

Kupepesa huko kuna historia yake. Mashine ya asili, iliyotoka Japani mwaka 1983, haikuwa na mlinzi. Mwaka huohuo soko la michezo ya televisheni la Marekani lilianguka, na mojawapo ya sababu ilikuwa wingi wa kaseti hafifu ambazo kila mwenye karakana aliweza kuzitengeneza. Nintendo ilipoingia huko mwaka 1985 ilitia chipu moja ndani ya mashine na chipu mwenzake ndani ya kila kaseti. Zote mbili huendesha hesabu ileile kwa wakati mmoja. Zikipatana, mchezo huendelea. Zisipopatana, chipu ya mashine huirudisha mashine mwanzo, na mwanzo tena, bila kuchoka. Kampuni ya Atari Games iliitamani siri hiyo hata ikaenda kuchukua nakala yake katika ofisi ya hakimiliki ya Marekani kwa kisingizio cha kesi, na mwaka 1992 mahakama ya rufaa haikuivumilia. Isitoshe, chipu hizo zilitofautishwa kwa nchi: ya Uingereza haielewani na ya Amerika ya Kaskazini. Kaseti ya Toronto ilikuwa ikiulizwa karatasi zake, na karatasi zake hazikuwa za huko. Aliyewahi kusimama katika mstari wa uhamiaji hahitaji ufafanuzi zaidi.

Mafundi wa nyumbani wanaijua dawa yake. Chipu ya mashine ina miguu 16, na mguu wa nne ndio unaoiambia kwamba yeye ndiye mlinzi. Mguu huo ukikatwa na kuunganishwa na athi, chipu hujiona kuwa ni ya kaseti, ikakaa ikingoja kuulizwa badala ya kuuliza.

Usiku mmoja alifungua skrubu, akauchomoa ubao, akaukata mguu wa nne na kuupinda juu. Ile nusu ya pili ya dawa, ya kuunganisha na athi, aliiona kuwa ni ya watu wenye wasiwasi. Akafunga. Taa ikawaka, imara kabisa. Kioo kikatoa rangi ya kijivu tupu. Akajaribu kaseti yake ya mpira, ya hapohapo Uingereza, iliyokuwa ikicheza wiki nzima: kijivu kilekile.

Katika fadhaa ile alifanya jambo moja la busara. Aliiondoa kaseti ya dhahabu, akaiweka juu ya kabati. Kumbukumbu ya kaseti huandikwa na mashine, na mashine iliyochanganyikiwa, inayowashwa na kuzimwa hovyo, yaweza kuandika upuuzi juu ya jina la mtu. Tangu hapo majaribio yote yakabebwa na ile ya mpira.

Siku ya pili alimpigia simu fundi redio mmoja wa Darajani, mzee aliyewahi kumtengenezea baba yake redio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko? Watoto?"

Salamu zilichukua muda wake, na marehemu akaombewa rehema, ndipo habari za umeme zikaingia. Mzee hakupata kuiona mashine ya namna ile. Aliuliza tu.

"Umeme unafika?"

Alikwishapima kwa mita: transfoma ilitoa volti 9 zake, na ndani ya mashine zilipatikana 5 zinazotakiwa.

"Na huo mguu ulioukata, umeupeleka wapi?"

"Sikuupeleka popote, mzee. Unaelea."

"Basi haupo hapa wala pale. Mguu unaoelea husema chochote kinachoujia. Ufunge kwenye athi." Akanyamaza kidogo. "Kabla hujaukata, taa ilikuwa ikipepesa kwa kaseti hiyo ya mpira?"

"Mara mojamoja. Nikiichomoa na kuirudisha, inatulia."

"Basi mashine ilikuwa na maradhi mawili, mwanangu, na ishara moja. Wewe umeiua ishara."

Maneno hayo yalimkaa. Alikuwa ameichukia taa ile kama mtu anavyomchukia karani mkaidi, na kwa hakika katika jambo la Toronto taa ilistahiki kuchukiwa. Lakini taa hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikisema, kila kaseti ilipoingia vibaya, kwamba huku hapajashika. Chipu mbili haziwezi kusikizana kupitia meno yasiyogusana. Mlinzi aliponyamazishwa, meno yaliendelea kutogusana, ila hakubaki wa kulisema hilo.

Alilehemu waya mfupi kutoka mguu wa nne hadi kwenye athi. Kioo kikabaki kijivu, na safari hii hakushangaa. Akageukia soketi yenye meno 72, ambamo kaseti huumwa. Wako wanaoichemsha soketi hiyo katika sufuria kama muhogo, na wengi huapa kwamba hupona, yeye hakuthubutu. Alipoitazama kwa tochi aliona kwamba usiku ule wa haraka aliirudisha kwenye ukingo wa ubao ikiwa imekwenda upande, upana wa ukucha. Akaichomoa. Akausugua ukingo kwa spiriti na pamba mpaka pamba ikaacha kutoka nyeusi, akayapangusa meno ya soketi na ya kaseti, akaisukuma sawasawa hadi ikagota. Wachezaji wa mpira wakatokea uwanjani, kijani kibichi, kana kwamba hawakuondoka.

Kaseti ya dhahabu iliendelea kukaa juu ya kabati siku tatu zaidi. Hapakuwa tena na sababu ya kiufundi.

Ijumaa, baada ya sala, aliishusha, akaisafisha kwa spiriti, akaiacha ikauke. Akaichomeka na kuwasha. Muziki ulianza polepole na kwa sauti ya chini kidogo, kama santuri iliyopunguzwa kasi, kwani mashine za Uingereza huchora picha 50 kwa sekunde na mchezo ule ulitungwa kwa 60. Akabonyeza kitufe.

Nafasi za majina ni tatu. Mbili zilikuwa tupu. Ya kwanza ilikuwa na mioyo kumi na moja, tarakimu ndogo inayohesabu mara ambazo mchezaji amekufa, na herufi sita: UNGUJA.

Mwanawe, aliyesimama mlangoni, aliuliza kama waendelee pale ami alipoishia. Hakumjibu. Alikuwa akiifikiria betri: akiibadili bila kuipa kumbukumbu umeme kwa njia nyingine, jina litafutika palepale, asipoibadili, litakwenda siku yoyote, bila taarifa. Akamwambia mtoto alete kamera kwanza.

Baada ya picha akakumbuka sharti la mchezo wenyewe, la kulinda kilichohifadhiwa. Akakibonyeza kitufe cha kurudisha mwanzo, akakishikilia, na kwa kidole cha mkono wa pili akazima.