Seva, sauti ya mama na kosa langu

Najua nimekuwa kimya, mpaka Shangazi kapiga simu kuuliza kama baridi ya huku Leeds imenimaliza. Nipo, zamu za usiku tu zimenibana. Lakini kimya changu kilikuwa na sababu nyingine, na leo naisema hata kama kuna watakaoninunia.

Mnakumbuka likizo ya 2019 nilipokuja Muheza, nikawa namfuata mama na simu kila kona? Yeye anapepeta mchele na kusimulia, mimi narekodi. Zilifika rekodi 212. Mama alipotutoka 2021, ile simu nikaifungia kwenye droo. Nilipoitoa majuzi nikakuta betri imevimba mpaka kioo kimeinuka. Fundi akaiwekea betri nyingine, akanionya nisiitegemee tena.

Basi nikaamua kutengeneza seva ya ukoo. Seva si kitu cha ajabu, ni kompyuta inayowaka saa zote, imehifadhi mafaili, na mwenye ruhusa anayafungua kwa intaneti popote alipo. Nilinunua kompyuta iliyotumika, ya ofisini, kwa pauni 60, nikanunua na diski mpya. Nikajiona mtaalamu.

Kuweka Linux tu ikawa vita. Mara inaganda katikati, mara inajiwasha upya, mara inalalamika kuwa faili limeharibika. Nikasema diski hii mbovu, nikanunua nyingine. Pauni 40 zikaenda, na ugonjwa ukabaki palepale. Ndipo nikampigia shemeji, yule fundi wa Kariakoo. Akanisikiliza, akacheka.

"Shemeji, wewe si nesi? Umempa mgonjwa dawa kabla ya kumpima!"

Niliona aibu, maana kazini nisingethubutu. Hospitali za huku mgonjwa anapimwa kwa utaratibu unaoitwa NEWS2: upumuaji, oksijeni, presha, mapigo ya moyo, joto, na kama ana fahamu zake. Kila kipimo kina alama, unajumlisha, ndipo unajua umwite daktari mbio au usubiri. Hakuna kubahatisha. Mashine nayo ina dalili zake. Feni inazunguka? Joto la prosesa likoje? Saa inarudi nyuma kila ukichomoa umeme? Hiyo ni betri ndogo ya kwenye mazabodi, ile bapa ya volti 3. Inalia milio mifupi badala ya kuwaka? Hesabu milio, halafu tafuta maana yake kwenye kitabu cha kampuni iliyoitengeneza, kwa sababu kila kampuni ina milio yake.

Nikachomoa waya wa umeme, nikabonyeza swichi ili umeme uliobaki uishe, nikashika bati la kasha kwanza kabla ya kugusa chochote ndani. Vumbi lililotoka humo lingetosha kupanda mchicha. Nikachomoa vipande vya memori, viwili, vya GB 4 kila kimoja, nikavirudisha vizuri. Nikawasha, Linux ikaingia bila kelele! Nikapiga vigelegele peke yangu jikoni saa nane ya usiku.

Hapo ndipo nilipokosea. Kwa furaha nilichomeka simu na kuhamisha rekodi tatu za kwanza. Kuhamisha, si kunakili. Yaani zilitoka kwenye simu zikaingia kwenye seva. Nikafungua moja nisikie sauti ya mama. Kafika katikati, pakakwaruza kama mtu anachana karatasi, kisha akaendelea.

Nilikaa chini sakafuni.

Zilizobaki, 209, nikazinakili tu bila kufuta kitu. Shemeji akanifundisha kupima. Kuna programu inayolisoma faili lote na kutoa mstari mrefu wa tarakimu na herufi, kama alama ya kidole. Ikibadilika hata chembe moja ndani ya faili, mstari unakuwa mwingine kabisa. Nikatoa alama za mafaili ya simu kwenye laptopu, nikalinganisha na za seva. Tisa hazikufanana. Nikazima seva, nikawasha, nikapima tena bila kugusa faili lolote. Safari hii saba, na nyingine hazikuwa zile za mwanzo.

Hapo unesi ukaniamka. Ukimpima mgonjwa presha mara mbili, hajatikisika, na majibu yanapishana vibaya, unakitilia shaka kipimo kabla ya mgonjwa. Diski ilikuwa haina hatia. Kila faili linapita kwenye memori kwanza, likienda na likirudi. Seva za maofisini huwekewa memori inayojisahihisha makosa madogo. Yangu ilikuwa ya kawaida, inakosea na kunyamaza.

Nikawasha kwa flashi yenye Memtest86+. Programu hiyo inaandika kwenye memori na kusoma ilichoandika, mzunguko baada ya mzunguko. Dakika kumi hazijaisha, mistari myekundu. Nikajaribu kipande kimoja kimoja. Kimoja safi, kingine makosa. Je, kama ni tundu? Nikakihamishia tundu la pili, makosa yakamfuata. Nikakitoa. Kilichobaki nikakiacha kipimwe usiku mzima nikiwa zamu, nikarudi asubuhi nikakuta sifuri. Nikanakili upya zote 209, alama zikalingana zote.

Zile tatu nilizozihamisha hazina pa kulinganishia. Mbili zinasikika vizuri. Ya tatu ndiyo ile inayokwaruza, na ni ile ya jioni barazani, mama akitaja majina ya ndugu wa upande wa bibi waliohamia Korogwe. Majina mawili au matatu yamemezwa na mkwaruzo. Shangazi, nisamehe, ulikuwa unaisubiri hiyo.

Lakini jioni ile kaka naye alikuwa ameshika simu, na mama mdogo aliyekuwa anamenya ndizi alikuwa na mjukuu wake anayechezea simu. Tafadhalini, tazameni kwenye simu zenu za zamani, hata zile zilizokufa kioo. Ukiipata, usiihamishe. Inakili, halafu niandikie kwanza.