Jiwe halichaguliwi kwa rangi

Msomaji, huenda wewe ni mmoja wa wale walionunua kiploti nje ya mji na sasa kila Jumamosi wanazunguka wakiulizia bei ya mawe. Muuzaji hukuonyesha jiwe jeupe lililochongwa likanyooka, akalisifu kama bibi harusi. Kabla hujafungua pochi, hebu tusafiri kidogo hadi Migori, mahali watu walipoinua kuta kwa mawe matupu, bila saruji wala chokaa, na kuta zenyewe zingali wima baada ya zaidi ya miaka 400.

Mahali hapo panaitwa Thimlich Ohinga, kilomita 46 hivi kaskazini magharibi mwa mji wa Migori. Anayetokea Homa Bay hupitia Rodi Kopany na Ndhiwa. Kwa Kijaluo ohinga ni boma la mawe, na thimlich ni msitu mnene wa kutisha. Wataalamu wanakadiria kuwa maboma hayo yalianza kujengwa katika karne ya 16, na jamii mbalimbali ziliishi humo kwa zamu pamoja na mifugo yao. Makubwa ni manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Kolouch. Yaliwekwa chini ya ulinzi wa serikali mwaka 1981, na mwaka 2018 shirika la UNESCO likayatia katika orodha ya turathi za dunia.

Ukifika, usikimbilie kupiga picha. Usogelee ukuta uutazame. Urefu wake ni kuanzia mita 1.5 hadi 4.5, na unene wa mita moja hivi. Mawe hayakuchongwa, yaliokotwa papo hapo vilimani, moja bapa, jingine la mviringo, jingine lenye pembe tatu. Fundi aliinua nyuso mbili, wa nje na wa ndani, kisha katikati akashindilia mawe madogo madogo. Palipohitaji nguvu zaidi aliegemeza nguzo ya mawe. Juu ya mlango akalaza mawe marefu bapa, na mlango wenyewe akaufanya mfupi, hata mtu mzima hana budi kuinama. Adui aliyeinama, bila shaka, ni rahisi kumkaribisha kwa rungu!

Kwa kuwa hakukuwa na cha kuyagandisha mawe hayo, ujuzi wote ulikuwa katika kuchagua: hili lina uzito wa kutosha kukaa chini, hili litamshika mwenzake. Isitoshe, mvua ikinyesha maji hupenya kati ya mawe na kutoka zake. Hayana pa kutuama.

Sasa linganisha na nyumba nyingi za mjini. Mawe yanayotumika sana Nairobi na viunga vyake, yakiwemo yale ya Ndarugo, yametokana na majivu ya volkano yaliyogandana. Ni mepesi kukata na yanafaa kabisa kwa ujenzi, lakini hunywa maji. Fundi asiyeweka nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi, kisha akapiga plasta ngumu ya saruji nje na ndani, ameyafungia maji yasipate njia. Baada ya misimu michache rangi inavimba na kubanduka, chumba cha watoto kinanuka uvundo, na mwenye nyumba ananunua rangi nyingine. Kwa maoni yangu, hizo ni pesa za kutupa. Ziba kwanza yanakoingilia maji.

Desturi ya kuteua mawe haikuanzia Thimlich. Huko Kanjera, kwenye rasi ya Homa katika kaunti ya Homa Bay, wachimbuzi wamepata zana za mawe za miaka ipatayo milioni 2. Mawe laini yalikuwa tele karibu, ila baadhi ya zana hizo zilitengenezwa kwa mawe magumu yaliyobebwa kutoka zaidi ya kilomita 10. Ikiwa viumbe wale walitembea mwendo huo kwa ajili ya jiwe moja la kukatia nyama, wewe unashindwaje kuvuka barabara ukalinganishe machimbo mawili?

Ukifika machimboni, gonga jiwe kwa nyundo. Lililo zima hulia. Lenye ufa au ulaini hutoa sauti ya kufa. Limwagie maji pia uone yanavyozama upesi. Kama unanunua mabloki ya saruji, kwaruza pembe kwa msumari: likimwaga mchanga, mtengenezaji alibania saruji au hakulimwagilia maji siku za kutosha lilipokuwa likikauka. Bloki zuri lahitaji walau siku 7 za kunyweshwa.

Jikoni ndiko wengi hulia. Marumaru hupendeza, lakini asili yake ni mawe ya chokaa, na ndimu, siki au dawa kali ya choo huila ikabaki na madoa yaliyofifia. Omba kipande kilichokatwa, kitone ndimu, ukiache usiku kucha. Graniti huvumilia zaidi. Jiwe la sabuni kutoka Tabaka, Kisii, si mbali na Migori, haliogopi ndimu wala sufuria ya moto, ila hukwaruzika kwa kisu. Mawe ya Mazeras yafaa kutandazwa uani na penye magari. Yote haya husafishwa kwa maji na sabuni laini.

Nje ya nyumba, chunga mizizi. Pale Thimlich miti inayoota ukutani husukuma mawe hadi yakamwagika, na mifugo na wageni wanaokwea huongeza hasara. Ndipo mawe yaliyoanguka hurudishwa kwa mkono, kwa mtindo ule ule wa kale. Mti ulioupanda hatua mbili kutoka kwenye msingi wako nao una mpango wake.

Linalosikitisha ni kwamba maboma ya namna hii yalikuwa mamia katika eneo hili, na mengi yamebomolewa, mawe yake yakaenda kujenga nyumba na barabara. Ukuta uliojengwa bila kiungio hubomoka kwa urahisi sana mikononi mwa anayetaka mawe ya bure. Kwa hiyo ukiwapeleka watoto, wakataze kukwea na kuokota. Vaeni viatu visivyoteleza, bebeni maji ya kunywa, na mkiwa ndani ya Kochieng mwombeni mwelekezi awaonyeshe mwamba uliotobolewa vishimo vya ajua, bao la Waluo.