Mchele wa Jana kwa Pishi ya Leo

Kulinganisha watu wa zama mbili ni kazi ngumu, kwani aliyekwishapita haitiki akiitwa aje asimame ubavuni mwa aliyepo. Hata hivyo wanadamu hatuchoki. Twalinganisha malenga, manahodha na walimu. Na wapwa zangu wawili waishio Marekani hulinganisha vyuo vinavyocheza mpira.

Mpira wenyewe ni ule wa Kimarekani, wenye umbo la yai, unaobebwa mikononi. Vyuo vikuu vya huko vimejigawa katika jumuiya, na vyuo vya jumuiya moja hupambana vyenyewe kwa vyenyewe kabla ya walio bora kukutana na wa jumuiya nyingine. Mpwa wangu aliyeko Ohio huitetea Big Ten, iliyoasisiwa mwaka 1896. Mwenziwe aliyeko Alabama huitetea Southeastern Conference, jumuiya ya Kusini-Mashariki, iliyoundwa mwaka 1932. Ubishi ulipozidi waliniandikia: “Mjomba, tuhukumu wewe.” Nikaona si haki kuhukumu bila kusoma, basi nikasoma.

Wa Alabama ana hoja nzito. Tangu msimu wa 2006 hadi wa 2012, misimu saba mfululizo, ubingwa wa taifa haukutoka katika jumuiya yake. Mwenziwe humjibu kwamba ngoma ivumayo haidumu: bingwa wa msimu wa 2023 alikuwa Michigan, na wa 2024 Ohio State, vyote viwili vya Big Ten. Lakini wote wawili walikuwa hawajazaliwa mwaka 1971, pale jumuiya ya Big Eight ilipotoa Nebraska, Oklahoma na Colorado, zikashika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu nchi nzima. Jumuiya hiyo leo haipo tena.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Jina hubaki, kilichomo hubadilika. Big Ten maana yake ni Kumi Kubwa, ilhali tangu 2024 ina vyuo 18, vingine vikiwa huko ufukweni mwa Pasifiki. Ile ya Kusini-Mashariki sasa ina 16, baada ya kuwapokea Texas na Oklahoma. Kipimo nacho si kile kile. Tangu 1936 waandishi wa habari walipiga kura kupanga timu, na kwa miaka mingi kura ya mwisho ilipigwa kabla ya mechi kubwa za kufungia msimu. Mwaka 2014 ukaja mchujo wa timu nne, na mwaka 2024 wa timu kumi na mbili. Ni kama kupima mchele wa jana kwa pishi ya leo.

Nilikuwa nikiyasoma haya kwa sauti binti yangu akauliza: “Baba, hao wa zamani, nani aliyeruhusiwa kucheza?” Swali hilo likapita hoja zote za kaka zake.

Alabama ilitangazwa bingwa mwaka 1961, 1964 na 1965, bila ya mchezaji mweusi hata mmoja. Katika jumuiya nzima ya Kusini-Mashariki, mweusi wa kwanza kuingia uwanjani alikuwa Nate Northington wa Kentucky, mwaka 1967. Kabla ya hapo vijana weusi wa Kusini walihama. Bubba Smith, mzaliwa wa Texas, alikwenda mbali kaskazini akaichezea Michigan State, chuo cha Big Ten. Basi sehemu ya nguvu ya Kaskazini ilikuwa zawadi ya mlango uliofungwa Kusini. Wengine walibaki katika vyuo vya weusi kama Grambling, Louisiana, ambako kocha Eddie Robinson alistaafu mwaka 1997 akiwa na ushindi wa mechi 408. Katika ubishi wa nani alikuwa na nguvu, hao aghalabu hawatajwi.

Mwaka 1970 timu ya USC kutoka California ilikwenda Birmingham ikaifunga Alabama 42 kwa 21, na aliyewatesa wenyeji zaidi alikuwa kijana mweusi, Sam Cunningham. Wakati huo Alabama ilikwisha kumsajili mweusi wake wa kwanza, Wilbur Jackson, lakini kanuni za siku hizo hazikuwaruhusu wanafunzi wa mwaka wa kwanza kucheza.

Hukumu yangu, basi, ni hii: kila jumuiya isifiwe kwa waliokutana nayo katika zama zake, na anayetaka kuvuka zama aulize kwanza mlango ulikuwa wazi kwa nani. Nasi wazazi tuna sehemu yetu katika hukumu hiyo. Tunapowaambia watoto kwamba shule za zamani zilitoa wasomi hodari kuliko za leo, tuwahesabu pia mabinti walioachwa nyumbani wakati kaka zao wakienda kusoma.