Baba Niliyemwiba

Habari ya baba na korongo, ile iliyonipatia ufadhili wa kwenda China kusoma Kichina, haikuwa ya baba yangu. Ilikuwa ya baba wa mwenzangu niliyeishi naye chumba kimoja Chuo Kikuu cha Dodoma. Niliiba, akaadhibiwa yeye.

Tulijifunza Kichina pamoja jioni, baada ya vipindi vyetu vya kawaida. Dodoma wakati ule ilikuwa kazi kila upande. Uwanja wa ndege wa Msalato ulikuwa unajengwa, na barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112.3, ilikuwa inapita kwenye mashamba ya uwele na zabibu, ikigusa Nala, Veyula, Mtumba na Ihumwa. Wakandarasi wengi walikuwa Wachina, na aliyeweza kusimama kati ya injinia na vibarua akaeleweka kotekote hakukosa kibarua kizuri. Mimi Kichina nilikitaka kwa sababu hiyo, mshahara. Kutaka mshahara si dhambi. Lakini fomu ya kuomba ufadhili ina mahali pa kueleza kwa nini unataka kusoma, na mshahara niliona aibu kuuandika.

Mwenzangu hakuhangaika kutafuta sababu. Baba yake alikuwa kibarua kwenye kazi moja ya ujenzi. Siku moja jua linawaka, mzee akaona wingu limejaa upande wa milimani, akajua korongo litashuka. Akamfuata injinia Mchina, akamwonyesha mlima, akamwonyesha mifuko ya saruji iliyopangwa mchangani, akachora maji chini kwa kijiti. Injinia akadhani anaomba ruhusa ya kwenda nyumbani, akamkubalia kwa kichwa. Jioni maji yakaja mekundu kwa udongo, yakaibeba saruji yote. Mwenzangu aliandika kwamba anataka wazee kama baba yake wasikike.

Alinipa flashi yake nimchapishie kwenye steshenari moja ya Ng'ong'ona. Nikafungua faili, nikalisoma nimesimama, foleni ikinung'unika nyuma yangu, kisha nikalinakili kwenye flashi yangu. Usiku nikabadilisha jina la kijiji, nikaandika kwamba mzee yule ni baba yangu. Baba yangu ana duka Mpwapwa. Hajawahi kushika chepe la mtu.

Mwenzangu alichelewa kutuma. Fomu ya afya inataka mhuri wa hospitali uangukie nusu kwenye picha na nusu kwenye karatasi. Wake uliangukia pembeni, fomu ikarudishwa, akaanza upya kupanga foleni hospitali. Yangu ikatangulia. Kwenye usaili wa video waliniuliza habari za baba, nikaeleza mpaka machozi yakanitoka. Yalikuwa machozi ya kweli, na hilo linanitisha hadi leo. Maombi yake yalipofika yakaonekana ndiyo nakala.

Alikuja chumbani na simu mkononi, anatetemeka. "Dada, nani anaweza kuwa amechukua?" Nikamwambia labda kompyuta za steshenari huwa zinahifadhi mafaili. Akaniamini. Akanisaidia kufunga sanduku langu la safari.

Huko China nilijituliza kwa kusema nafasi zilikuwa chache, pengine angekosa tu. Ni uongo niliojitengenezea mwenyewe. Mtihani wa Kichina wa HSK daraja la tatu tulifanya wote, na alama zake zilizidi zangu. Kiti nilichokalia darasani kilikuwa cha mtu, na mwenyewe nilikuwa namfahamu hadi chai anavyoinywa.

Nimemwambia. Nilimfuata anakofundisha watoto masomo ya ziada, nikasubiri watoke, nikasema yote, pamoja na uongo wa steshenari. Hakupiga kelele. Alifuta ubao polepole, kisha akasema, "Mimi nimekusikia. Kwa mzee utakwenda mwenyewe."

Chuo cha China kilichonipokea nimekiandikia barua yenye jina langu na namba ya pasipoti niliyosafiria, nikaeleza maandishi yalikuwa ya nani, na nakala nimempa yeye. Umri wa mwisho wa ufadhili ule ni miaka 35, hajaufikia. Kama ataomba tena ni juu yake, na sina haki ya kumuuliza.

Kwa mzee nakwenda Jumamosi. Nimemwomba mwenzangu asitangulie kumwambia lolote, asije akanilainishia.