Walinzi wa Ngozi

Kosa nitakalolieleza hapa ni langu mwenyewe. Binti yangu alipoanza kupasuka ngozi ya mikono, mimi mwalimu wa chuo hapa Mji Mkongwe nilimhimiza azidi kujisugua kwa sabuni kali ya kuulia vijidudu. Kila akitawadha mikono humuwaka moto, hata siku moja akaniambia, "Baba, mimi naogopa maji." Neno hilo lilinichoma.

Daktari alitufahamisha kuwa juu ya ngozi wamo vijidudu wema, walinzi wake, na kuwa ngozi yenyewe ina uchachu kidogo ambao sabuni kali huuondoa. Siku hizi hutengenezwa mafuta yenye sukari za mimea, ziwe chakula cha walinzi hao. Shangazi yake wa Paje, ambako mwani hupandwa tangu 1989, alicheka: mwani nao una sukari zake, na kina mama wa huko huutia katika sabuni na mafuta. Lakini sabuni huoshwa ikenda zake. Mafuta ndiyo yabakiayo.

Tukaiacha sabuni kali. Hupaka mafuta mepesi baada ya udhu, yasiyoweka utando wa kuzuia maji ya udhu ujao. Mikono haijapona yote, lakini alfajiri hunitangulia bombani.