Safari ya Japani, Sehemu ya 4: Hiroshima na kile kibao

Leo Hiroshima, kama nilivyoahidi.

Kwanza mliyoniuliza: sakura huchanua mwishoni mwa Machi mpaka mwanzoni mwa Aprili. Maua yakishafunguka yote ni kama wiki moja tu, mvua ikipiga ndo basi tena. Kutoka stesheni kuu unapanda tremu mpaka kwenye lile jengo la kuba lililobaki baada ya bomu. Hizo tremu nazo si mchezo: siku 3 tu baada ya bomu, kipande cha njia kilishaanza kufanya kazi tena.

Kando ya mto Motoyasu miti imeinamia maji, myeupe yenye uwaridi kidogo. Chini yake watu wametandika maturubai ya bluu, wanakula, wanakunywa bia, wanacheka. Ng'ambo ndo lile jengo, kuta zilizobomoka na vyuma vitupu. Mdogo wangu akaninong'oneza, "Dada, hivi kweli mtu anaweza kula hapa?"

Sikumjibu. Nilitaka kwanza akaone kitu.

Dakika chache kwa miguu kutoka kwenye kuba, kwenye mtaa wa kawaida kabisa, kuna kibao. Hapo palikuwa na Hospitali ya Shima. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu lililenga daraja la Aioi, likapotoka kidogo, likalipukia kama mita 600 juu ya hospitali. Saa mbili na robo asubuhi. Manesi wenzangu, saa hiyo mnaijua: wa usiku anamalizia ripoti, wa asubuhi ndo anashika wodi. Waliokuwemo ndani, wagonjwa na wahudumu, hawakupona.

Mwenye hospitali, Dk. Kaoru Shima, alipona kwa sababu alikuwa mji mwingine kusaidia upasuaji, yeye na nesi mmoja. Huyo nesi ndo amenikaa kichwani. Kilichomwokoa ni ratiba ya kazi tu, jamani. Sisi tunabadilishana zamu kila wiki, "nishikie leo, nitakulipa Jumamosi," hatuwazi kitu.

Baadaye daktari akaijenga upya palepale. Mpaka leo pana kliniki.

Basi nikamwambia mdogo wangu: nenda hospitali yoyote ya kwetu saa ya kuona wagonjwa. Chini ya mwarobaini ndugu wanafungua hotpoti, watoto wanakimbizana, na ndani ya wodi kuna mtu anakata roho. Hakuna anayewaambia waache kula. Anayeuguza lazima ale, la sivyo kesho tunamlaza na yeye. Hawa wamerudi kukaa palepale, wamepanda miti, wamelea watoto. Kula kwao hapa si kusahau.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema ana njaa. Tukaenda kula okonomiyaki, ile ya Hiroshima wanaipanga kwa matabaka, kabichi na tambi humohumo. Sahani moja tumeshindwa kuimaliza wawili.

Kesho Miyajima, wale wapenzi wa paa na picha mkae tayari. Wa zamu ya usiku, kazi njema.